Pacha wa Maombi

Aibu haina mganga. Kichwa kikiuma utameza kidonge, jino likisumbua litang'olewa, lakini ukivuliwa nguo mbele ya watu wanaokujua, dawa yake utaikuta duka gani? Na si nguo za mwilini ninazosema. Muulizeni Mama Pasi.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa londri ya hospitali, kule nyuma ya jengo la upasuaji, ambako mvuke unatoka madirishani kutwa nzima na sakafu haikauki. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha kunyooshea. Shuka iliyopita mikononi mwake ungeogopa kuilalia. Msimamizi wa londri, kila wageni walipokuja kukagua, alimsimamisha mbele akasema, "Huyu ndiye uso wetu." Maneno hayo Mama Pasi aliyabeba hadi nyumbani, akayafikisha kanisani, akawasikilizisha hata wakwe zake. Tusimcheke. Kila mtu ana kidogo chake cha kuringia.

Basi ikatokea mablanketi mapya ya wodi ya watoto yakapotea. Yaliletwa londri yafuliwe kabla hayajatumika, yakafuliwa, yakakaushwa, yakakunjwa yakapangwa kwenye chumba cha kunyooshea. Watu wakaenda kula mchana. Waliporudi, rafu tupu. Kila mmoja akadhani mwenzake ameyapeleka wodini. Hadi wodi ikaja kuyadai ndipo watu wakaanza kutazamana.

Jioni moja, saa ya kutoka, Msimamizi alikuwa amesimama getini pamoja na mlinzi. Wafanyakazi wakapanga mstari wakidhani kuna tangazo.

"Mama Pasi, hebu njoo huku mbele," akasema. "Mwaga mkoba."

Mama Pasi akacheka. Alidhani ni utani, maana Msimamizi naye alikuwa na utani wake wa kikavu. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaumwaga. Kikatoka kibakuli cha chakula, kitabu cha nyimbo za kanisani, kitana, na soksi moja ya mjukuu ambayo hadi leo hajui iliingiaje humo. Vikalala pale chini, na madaktari wanapita, na wagonjwa wanapita, na ndugu wa wagonjwa nao wanapunguza mwendo ili waone vizuri.

"Siku yale mablanketi yalipopotea, ulitoka hapa na mzigo mkubwa," Msimamizi akasema. "Usikatae. Kuna mtu alikuona."

"Nani?"

"Kuna mtu. Sema tu mzigo ule ulikuwa wa nini."

Hapo ndipo ulimi ulipomganda. Kwa sababu mzigo ulikuwepo kweli. Yalikuwa mapazia yake ya sebuleni. Binti yake alikuwa anaposwa, wageni wanatarajiwa, na pasi ya nyumbani ya mkaa ilikuwa imeshamchomea pazia moja. Basi alfajiri, kabla wenzake hawajafika, akayanyoosha kwa mashine ya hospitali, haraka haraka, jasho linamtoka. Jambo lenyewe lilikatazwa, na aliyelikataza kwa sauti kuliko wote, aliyewafokea wasichana wa londri kwa kunyoosha blauzi zao pale, alikuwa yeye Mama Pasi. Sasa aseme nini mbele ya wasichana hao hao? Akanyamaza. Na watu wakausoma ule ukimya kama watu wanavyousoma ukimya siku zote.

Hakufukuzwa, kwa kuwa ushahidi haukuwepo. Alihamishwa. Kesho yake akapelekwa chumba cha machafu, pale mashuka yanapopokelewa yakitoka wodini na damu yake, na usaha wake, na kila kinachotoka ndani ya binadamu. Akapewa glavu na ndoo. Na kila jioni getini mlinzi akawa anamwambia, "Mama, samahani, mkoba." Mlinzi mwenyewe alikuwa na haya, akitazama pembeni huku akipekua. Mama Pasi angependa afadhali amtazame usoni amtukane, ajue moja.

Nyumbani alilia hadi mumewe, ambaye ni fundi baiskeli na hajazoea machozi, akaacha chakula chake.

"Ungewaambia tu habari ya mapazia," Baba Watoto akasema.

"Nikachekwe?"

"Kuchekwa na kuitwa mwizi, kipi bora?"

"Wewe endelea na spoku zako," akamjibu. Ndio mwisho wa ushauri.

Sasa, kuna swali moja lililomtafuna kuliko lile la mablanketi. Nani alisema? Nani alikwenda kunong'ona kwa Msimamizi? Akarudisha fikra nyuma, akaikumbuka siku ile, akajiona anatoka getini na mzigo wake. Na nani alikutana naye? Fundi Viraka!

Fundi Viraka alikuwa mwanamke wa makamo kama yeye, mjane, anayekaa na cherehani yake kwenye kona ya londri akiziba mashuka yaliyotoboka na kurudishia vifungo. Mtu mpole, mwenye maneno machache na sauti nzuri ajabu ya kuimba. Siku ile alikuwa anarudi kutoka dukani na nyuzi, akamwona Mama Pasi amejitwika, akamwambia kwa utani, "Mwenzangu, unahama mji?" Mama Pasi akacheka cha uongo, akapita mbio.

Basi ni huyo. Nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako. Na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuona. Si huyu Viraka aliyewahi kutamani chumba cha kunyooshea, akasema kina mwanga mzuri? Si huyu ambaye tangu siku ile ya getini anamtazama kwa huruma? Ya nini huruma, kama hana lake moyoni? Mtu akishataka kuona pembe kichwani mwa mwenzake, ataziona, hata kama ni kilemba.

Mama Pasi alikuwa mtu wa sala, na hapa sifanyi mzaha. Aliijua habari ya yule mjane aliyemwendea hakimu mbaya akamsumbua na kumsumbua mpaka akapewa haki yake. Akasema, ikiwa hakimu mbaya alitoa haki kwa kuchoshwa, Mungu aliye mwema atanyamazaje? Akaanza kufunga. Akaanza kupiga magoti asubuhi kabla ya kwenda kazini, mkeka ukamchora magotini. "Bwana, wewe unaona. Aliyenisingizia mtoe nje, watu wamwone. Aone haya kama nilivyoona mimi." Ilikuwa sala ya mtu aliyeonewa, na Mungu anazisikia hizo. Ila alipokuwa anaisema, uso uliomjia ulikuwa wa Viraka, na alizidi kuutazama.

Mumewe akimsikia anatikisa kichwa. "Mungu umemwita awe hakimu," akauliza, "au umemwita awe mgambo, umwelekeze nyumba ya kukamata?"

Kila Alhamisi baada ya kazi, akina mama wa kanisa lao walikutana kwa maombi sebuleni kwa Mama Mwenyekiti, nesi mstaafu mwenye nyumba safi na viti visivyotosha. Mtu anatoa hitaji lake, wote wanaombea. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Mama Mwenyekiti hakuichezea: hakuna kutaja jina. Una ugomvi na jirani, sema "mtu fulani, Bwana anamjua." Mumeo ana mambo, sema "mtu fulani." Sheria nzuri sana, imeokoa ndoa nyingi. Lakini wanawake wenye akili timamu, waliokaa mtaa mmoja miaka na mikaka, utawaficha nini kwa neno "fulani"?

Mama Pasi alisimama, leso mkononi. Akaeleza alivyodhalilishwa getini. Kisha akasema, "Na aliyenisema, Bwana anamjua. Alikutana nami pale getini akanichekea meno yote. Ni mtu ninayefanya naye kazi. Ni mtu anayelitaja jina la Bwana kama mimi."

Basi, akamaliza. Hakutaja jina. Vichwa havikugeuka, maana wale ni watu wa adabu, lakini macho yalitambaa polepole chini ya vitambaa hadi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mle sebuleni wafanyakazi wa londri walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye aliyekuwa amesimama.

Fundi Viraka alikuwa ameinamisha uso. Na lilipofika la kuitika, akaitika, "Amina," kwa sauti iliyosikika kuliko zote.

Mama Mwenyekiti alikuwa na utaratibu wa kuwapanga akina mama wawili wawili, akiwaita mapacha wa maombi. Hitaji la pacha wako ni lako. Akifunga, unafunga. Akilia, unalia naye. Siku ile, sijui kwa kutojua au kwa kujua sana, akasema, "Mama Pasi, wewe na Fundi mnafanya kazi pamoja, itakuwa rahisi. Muwe mapacha."

Mwingine angekataa. Mama Pasi alifurahi kwa ndani. Bwana amemleta mwenyewe mikononi mwangu, akasema moyoni. Tuone ataniombeaje.

Na yule mwanamke akamwombea kweli! Kila mchana, saa ya chakula, aliiacha cherehani yake akashuka hadi chumba cha machafu, mahali ambapo hata wenye mashuka yao hawapendi kuingia. Alikuwa akimvua Mama Pasi glavu moja, anaushika ule mkono uliolowa jasho, anafumba macho. "Baba, ninakuja mbele zako na dada yangu. Ameonewa. Aliyemtendea haya mtoe hadharani, hata akiwa ni mtu tunayekula naye. Usimfiche, Bwana. Kweli ijulikane." Siku nyingine machozi yalimtoka. Mama Pasi alikuwa akifungua jicho moja, anamtazama yule anayelia, anashangaa moyoni: Ee Mungu, wanafiki umewaumba na vipaji!

Alhamisi zikapita. Mama Pasi hakumsema Viraka kwa mtu yeyote, nataka mlijue hilo, maana yeye mwenyewe alijisifia sana kwalo. Ila alipoulizwa na akina mama wakati wa chai, "Vipi pacha wako?" alikuwa akivuta pumzi ndefu na kusema, "Tumwachie Mungu tu." Mwenye masikio anahitaji nini zaidi? Mara kiti cha karibu na dirisha kikawa kinabaki na nafasi huku na huku. Mara Viraka akitoa hitaji lake la mtoto anayetafuta shule, sala inakuwa fupi, inapita kama mtu anayevuka tope. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Alhamisi moja Mama Mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya asali, "Fundi, umeimba sana, pumzika kidogo, tuwape na wengine nafasi." Viraka akasema sawa. Akakunja mikono mapajani. Wimbo ukaanzishwa na mama mwingine, kwa sauti ya juu mno, ukawashinda wote katikati.

Mama Pasi akiwa kwenye kiti chake alisikia utamu fulani ukimshuka kooni. Haki imeanza kuchomoza, akasema. Mungu si Athumani.

Kisha mablanketi yakapatikana.

Hayakuibwa na mtu. Nesi mkuu wa wodi ya watoto, mama mwenye wivu na mali ya wodi yake, alikuwa amekwenda mwenyewe londri ile saa ya chakula, akaona hakuna mtu, akayabeba na msaidizi wa kumsukumia kigari, akayafungia kabatini asije mtu wa wodi nyingine akayachota. Alikuwa mjamzito. Jioni ileile uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, akaenda kujifungua, akaondoka na ufunguo na habari yote. Msaidizi naye alikuwa kibarua wa siku tu. Nesi aliporudi kutoka likizo ya uzazi akafungua kabati lake, akasema, "Mbona watoto wanalala na mablanketi mabovu, na haya yapo?" Wauguzi wakabaki wametumbua macho.

Msimamizi akamwita Mama Pasi ofisini. Akafunga mlango. Akamkaribisha kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama, mambo yamejulikana. Samahani sana. Kuanzia kesho rudi kwenye chumba chako."

"Ahsante," akasema Mama Pasi, kifua kinampanda. "Lakini getini uliniita mwizi watu wote wakisikia. Utawaambia?"

"Ah, mama, yameisha. Tukianza kuyafukua yatanuka. Wataona tu umerudi, wataelewa."

"Basi niambie jambo moja. Ni nani alikwambia aliniona na mzigo?"

Msimamizi akajikuna kidevu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mwenzake acheke naye. "Hakuna aliyesema. Mimi mwenyewe nilikuona kupitia dirisha hili. Nilisema 'kuna mtu' ili uogope, ukiri. Ndivyo tunavyofanya. Mtu akidhani kuna shahidi, hutapika yote."

"Hakuna aliyesema?"

"Hakuna."

Mama Pasi akatoka. Mlangoni tu, Fundi Viraka alikuwa anamsubiri, habari imeshamfikia, uzi bado umemning'inia begani. Akamkumbatia. Akamkumbatia vile alivyo, na harufu yake yote ya chumba cha machafu, akawa anacheka na kulia. "Bwana amesikia! Pacha, Bwana amesikia!"

Na Mama Pasi, badala ya kufa palepale, mnajua alifanya nini? Alilalamika. Aibu ikikubana sana utashika lolote la kusema. "Ameniomba radhi mlango umefungwa," akasema. "Aliniaibisha hadharani, anakuja kunisafisha chumbani! Huo ni uungwana?"

"Si uungwana," Viraka akajibu. "Hata kidogo."

Siku ile Mama Pasi hakupika. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Alijaribu kusali, hata kushukuru tu, akashindwa kupata pa kuanzia. Wakati wote alikuwa amemwendea Mungu kama mlalamikaji, ameshika shauri lake vizuri. Sasa kila alipofumba macho alijikuta upande ule mwingine, upande wa anayeshitakiwa, na hana wa kumtetea. Msimamizi alimhukumu kwa mzigo na ukimya. Yeye je, alimhukumu mwenzake kwa nini? Kwa utani wa getini! Tena magotini, tena kwa jina la Yesu. Akasikia uso unamwaka moto akiwa peke yake chumbani, hakuna anayemwona. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Kuna nini tena?" mumewe akauliza. "Si umeshinda?"

"Niache, Baba Watoto."

Kesho yake akaenda kwa Viraka. Alimkuta uani anaosha vyombo. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kusugua sufuria isiyo yake. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yameshamtoroka.

"Pacha," akasema, "yule niliyekuwa namwombea ahukumiwe. Nilidhani ni wewe."

Viraka hakuacha kuosha. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulisema mtu aliyekutana nawe getini akacheka. Nani mwingine alikutana nawe getini? Mimi ni mpole, dada, si mjinga."

"Na uliitika Amina?"

"Ningefanya nini? Ningesimama niseme si mimi? Wewe hukuwa mwizi, Msimamizi alikuamini?" Akaisuuza sahani, akaiegemeza ukutani. "Nikasema basi, mwanadamu hataniamini, twende sote kwa anayejua. Ulikuwa unaomba aliyesema ajulikane. Mimi nami nilikuwa naomba ajulikane. Nilifunga kuliko wewe. Mara nyingine nilishika cherehani naona vitu viwiliviwili."

Mama Pasi akatamani ile sufuria ingekuwa kubwa ya kuingia ndani.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe sana, mwenzangu."

Sasa ndipo Viraka alipoacha vyombo. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza Mama Pasi akaona hasira katika uso ule, hasira ya zamani iliyokunjwa vizuri ikawekwa.

"Mwanangu alikosa hata sala ya dakika moja mle sebuleni," akasema. "Waliniambia nipumzike kuimba. Nilikaa kwenye kile kiti kama mwenye ukoma. Na wewe ulikuwa unanitazama, nilikuona, ulikuwa unafurahi. Leo unakuja uani, kwenye masufuria, mimi na wewe. Jana ulimsema vipi Msimamizi?"

Mama Pasi akairudisha sufuria chini.

"Nenda nyumbani," Viraka akasema, si kwa ukali. "Msamaha nitautafuta, mimi ni Mkristo. Lakini sijaupata bado."

Alhamisi ikafika. Mama Pasi alisali njia nzima, sala ya ajabu kidogo: aliomba mvua inyeshe mkutano uahirishwe. Mbingu ilikuwa nyeupe pee.

Sebule ilijaa. Habari ilikuwa imeshawafikia wote, wakamlaki kwa vigelegele. Mama Mwenyekiti akafungua kwa sala, akasema, "Leo tuna ushuhuda mkubwa! Binti yetu ameshinda, adui ameaibika. Mama Pasi, simama umpe Mungu utukufu." Viraka alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, nafasi huku, nafasi huku.

Mama Pasi akasimama. Akashika mgongo wa kiti cha mbele. Angeweza kusema machache tu, amshukuru Bwana, akae, na hakuna mtu mle ndani angemlaumu. Uso umeumbwa na haya.

"Sikuiba," akaanza. "Hilo Mungu amelionyesha, namshukuru."

"Amina!"

"Ngojeni. Msiitike." Akainua mkono. "Mzigo niliotoka nao ulikuwa mapazia yangu. Niliyanyoosha kwa mashine ya hospitali, kitu ninachowakataza wengine. Ndiyo maana sikuweza kujitetea. Pili, hakuna mtu aliyenisema. Msimamizi alitunga. Hakuwepo mtu. Mimi nilimtengeneza mtu huyo kichwani mwangu, kisha nikawaletea ninyi hapa tumwombee mabaya." Akageukia dirishani. "Nilimpa uso wa huyu Fundi."

"Mama," Mama Mwenyekiti akanong'ona, "humu hatutaji majina."

"Tulimtaja, Mama. Kila Alhamisi tulimtaja, mimi nikiwa wa kwanza. Nani humu hakujua ninamsema nani? Nani alibaki kukaa karibu naye?"

Mama mmoja akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakikuwepo. Mama Mwenyekiti, mwanamke aliyeshika maiti na vichanga bila kutetemeka, akashika kitambaa cha meza akawa anakinyoosha mahali palipokwisha nyooka. Aibu ilikuwa ya kugawana, na kila mmoja alipata fungu lake.

"Nilimwomba Mungu aliyemsingizia mwenzake atoke mbele ya watu," Mama Pasi akasema. "Basi nimetoka. Ni mimi. Fundi hana kosa lolote, hajawahi kuwa nalo, na wakati wote huo alikuwa anashinda na njaa kwa ajili yangu."

Akabaki amesimama, maana hakujua kama ana haki ya kukaa. Wote wakamtazama Viraka. Walitaka alie, walitaka amkumbatie mwenzake, walitaka aanzishe wimbo mambo yaishe waende kunywa chai wakiwa wepesi. Viraka hakuanzisha wimbo. Akainuka, akapita katikati ya magoti yao, akaja akasimama mbele ya Mama Pasi.

Mama Pasi akafumba macho. Kofi, akasema moyoni, na iwe kofi.

"Msimamizi alikuita mwizi getini," Viraka akasema. "Bado hajakusafisha. Wale wasichana wa londri hadi leo wanaficha mikoba yao ukipita, nimewaona."

"Ah, hilo liache. Hilo si kitu sasa."

"Ni kitu. Ulionewa." Akavuta pumzi. "Kesho saa ya kutoka tutakwenda kwake mimi na wewe, tumwambie atoke aseme pale pale aliposemea, watu wote wasikie. Wewe peke yako atakutuliza tena nyuma ya mlango. Tukiwa wawili hataweza."

Mama Pasi angejua la kufanya na tusi. Angejua la kufanya hata na kofi. Alisimama pale mbele ya akina mama wote, machozi na kamasi vinamtoka na leso ameiacha kwenye kiti, akatafuta neno la kumjibu yule mwanamke, na hata ahsante aliona hastahili kuisema.